Mlima Kitonga na joto la breki: nishati ya lori huenda wapi linaposhuka?

Lori lenye tela lililopakia shaba kutoka Zambia kwenda bandari ya Dar es Salaam, linapofika ukingo wa juu wa mlima Kitonga mkoani Iringa, huwa limebeba pia mzigo wa pili usioandikwa kwenye hati yoyote. Mzigo huo ni nishati tuli, yaani nishati ambayo kitu huwa nayo kwa sababu ya kimo cha mahali kilipo. Gari liliikusanya kwa kuchoma dizeli lilipokuwa likipanda nyanda za juu, na litakapofika bondeni kando ya Ruaha, sehemu kubwa ya nishati hiyo lazima iwe imekwenda mahali pengine.

Kiasi chake hupatikana kwa kuzidisha vitu vitatu: uzani wa gari kwa kilo, kani ya mvutano wa dunia kwa kila kilo, ambayo ni 9.8, na kimo kwa mita. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu gari zito lisizidi tani 56. Basi tuchukue lori la tani 50. Kwa kila mita 100 za kimo linazoshuka, lori hilo huachilia jouli milioni 49 (jouli ni kipimo cha nishati), nishati inayotosha kuchemsha takribani lita 150 za maji yaliyokuwa na nyuzi 25. Tazama kwamba mwendo haumo kabisa katika hesabu hii. Dereva akishuka taratibu au akishuka mbio, jumla iliyoachiliwa na kimo ni ileile.

Hapa ndipo wanafunzi wengi wa kidato cha kwanza na cha pili hukwama, na swali lao ni la haki. Wamefundishwa kwamba kitu kinachoanguka hubadili nishati tuli kuwa nishati mwendo; lakini lori linaloshuka kwa kilomita 36 kwa saa tangu juu hadi chini halijaongeza nishati mwendo hata kidogo. Je, imepotea? Jibu lilithibitishwa na Mwingereza James Joule katika miaka ya 1840, alipofunga vizito kwenye kamba, akaviacha vishuke polepole huku vikizungusha makasia ndani ya chombo cha maji, kisha akapima jinsi maji yalivyopata joto. Kama lori letu, vizito vile havikushika kasi kubwa. Nishati yao ilitawanyika ndani ya maji ikawa joto. Kutawanyika si kupotea, ila nishati iliyotawanyika namna hiyo haikusanyiki tena kirahisi ili ipandishe kizito juu.

Kwa dereva, basi, swali lenye uzito ni kiungo gani cha gari kitapokea joto hilo, na kwa haraka kiasi gani. Katika mteremko unaoshuka mita 6 kwa kila mita 100 za barabara, lori letu kwa mwendo huo wa kilomita 36 kwa saa huachilia karibu kilowati 290, yaani jouli 290,000 kila sekunde, sawa na pasi za umeme 290 za kilowati moja zikiwaka kwa pamoja. Upepo na matairi huchukua sehemu ndogo tu. Dereva akipunguza mwendo kwa nusu, kilowati nazo hupungua kwa nusu, na dramu za breki, yaani vyungu vya chuma vinavyozunguka pamoja na magurudumu, hupata muda maradufu wa kupoa kwa hewa.

Tuseme dramu zote kwa jumla zina kilo 500 za chuma. Zikiachiwa kazi yote peke yake, na joto lisipate pa kutokea, kila mita 100 za kimo zingezipandisha kwa nyuzi zaidi ya 200. Dramu ikipata moto hivyo hutanuka na kujitenga na viatu vya breki vinavyoikandamiza kwa ndani, na viatu vyenyewe hupoteza mkwaruzo. Dereva hukanyaga hadi mwisho, gari lisishike.

Ndiyo maana gia nzito, yaani ya namba ndogo, huingizwa kabla ya mteremko kuanza. Gari likiwa ndani ya gia, magurudumu ndiyo huzungusha injini, nayo injini hupinga kwa kusukuma hewa na kwa msuguano wake, kisha joto hutoka kwa bomba la moshi na rejeta, sehemu zilizoundwa kubeba joto kwa saa nyingi. Upinzani huo huongezeka kadiri injini inavyozunguka haraka, kwa hiyo gia nyepesi husaidia kidogo mno, na kutoa gia kabisa ili kuokoa dizeli ni kuzitwika breki kazi yote. Anayekumbuka gia akiwa tayari katikati ya mteremko, mwendo umeshapanda, mara nyingi hukuta haikubali kuingia.

Lori likisimama bondeni, joto bado lipo safarini. Hutoka kwenye dramu likapita kwenye ringi hadi kwenye mpira, na tairi linaweza kushika moto dakika kadhaa baada ya gari kuegeshwa. Dereva au utingo asimwagie dramu maji ya baridi, kwani chuma cha kusubu kinaweza kupasuka. Aiache ipoe kwa hewa, na akague kila gurudumu kabla ya kuondoka.