Senti Moja kwa Ratili: Yanayosemwa Ovyo Kuhusu Wachuma Nyanya wa Florida

"Mwenye shamba ndiye bahili, mbaneni yeye."
Vibarua wa Immokalee, mji wa mashamba ya nyanya huko Florida, Marekani, walianzia hapo hapo. Miaka ya 1990 waligoma, wengine wakafunga kula, na malipo yakabaki kama senti 50 kwa ndoo ya ratili 32 (kilo 14.5). Ukichuma ndoo 100 kwa siku, karibu tani moja na nusu, uliondoka na dola 50. Mkulima naye huuzia wanunuzi wachache wakubwa, na bei hupangwa na hao. Ndiyo maana mwaka 2001 muungano wa vibarua hao, CIW (Coalition of Immokalee Workers), uliwageukia walaji na kuwaomba wasusie Taco Bell, mikahawa inayonunua nyanya hizo. Machi 2005 kampuni mama, Yum Brands, ikakubali kuongeza senti moja kwa ratili. McDonald's ikafuata 2007, Burger King 2008, maduka ya Walmart 2014.

"Senti moja ni kiinimacho."
Piga hesabu: senti 32 kwa ndoo, 50 inakuwa 82. Ila hiyo ni pale ambapo ndoo nzima imenunuliwa na kampuni iliyosaini. Kampuni zilizobaki nje ndizo zinazopunguza nyongeza.

"Hela itaishia ofisini."
Mnunuzi huilipa juu ya bei ya nyanya, mkulima huipitisha kwenye mshahara, na kwenye slipu ya kibarua inakaa mstari wake peke yake.

"Mshahara ukipanda, mengine yatajinyoosha."
Kuna wizi usioonekana kwenye slipu. Zamani ndoo ilitakiwa ifanye kilima. Isipofanya, mpokeaji aliyesimama juu ya lori anainyima tokeni, kidude cha kuhesabia ndoo za kulipwa. Kwa Kiswahili cha sokoni hiyo ni lumbesa, na ilikula hadi sehemu ya kumi ya jasho la mtu. Mpango wa Fair Food, yaani makubaliano ya CIW na wakulima na wanunuzi, ulioenea kwenye mashamba mengi ya nyanya ya Florida kuanzia 2011, unataka nyanya zikome usawa wa ukingo. Unataka pia saa za kazi zirekodiwe kwa mashine na kuwe na kivuli shambani.

"Kampuni ikishasaini kanuni za maadili, basi."
Karatasi haichumi nyanya. Ukaguzi wa kawaida huharibika kwa sababu mkaguzi hupiga hodi mapema, kisha humhoji kibarua nyapara akiwa pembeni. Nani atasema? Kwenye mpango wa Fair Food kuna simu ya malalamiko saa 24, mafunzo hutolewa na vibarua wenyewe ndani ya saa zinazolipwa, na shamba lenye kazi ya kulazimishwa, au lisilochukua hatua dhidi ya ukatili wa kingono, hupoteza wanunuzi waliosaini. Mkulima huogopa hilo kuliko faini.

"Kumsusia mnunuzi ambaye si mwajiri wako ni kuvunja sheria."
Marekani iliwawekea vyama vya wafanyakazi marufuku hiyo mwaka 1947. Lakini vibarua wa mashambani waliachwa nje ya sheria ya kazi ya 1935, ambayo ndiyo iliyobeba marufuku hayo baadaye. Kuachwa huko kuliwanyima ulinzi wa kuunda chama. Kukawaachia mlango huu wazi.