Je, wajua kwa nini kompyuta hugoma kuwaka na kerneli ya Linux uliyoijenga mwenyewe?

Umesubiri saa nzima feni ikivuma, mistari imepita kwenye skrini kwa maelfu, na ujenzi umekwisha bila kosa hata moja. Umesakinisha, umezima, umewasha. Maandishi meupe yanakimbia, kisha yanaganda hapa:

Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)

Kuanzia hapo kompyuta haisikii kibodi. Swali linalomjia karibu kila mtu ni hili: kama kerneli ina kasoro, mbona kompaila haikusema?

Kompaila haikusema kwa sababu kerneli haina kasoro. Kazi ya kompaila ni kugeuza msimbo kuwa programu, na inachokagua ni kama msimbo huo umeandikwa sawasawa. Haijui kompyuta yako ina diski ya aina gani, wala diski hiyo imepangwa kwa mfumo gani wa faili. Kerneli ndiyo kiini cha mfumo endeshi, programu inayosimama kati ya vifaa na programu nyingine zote, na ile ya Linux ina maelfu ya vipengele unavyotakiwa kuvichagua kabla ya kuijenga. Kwa kila kimoja, herufi Y ina maana kipengele kiwe ndani ya kerneli yenyewe, M kiwe moduli ya pembeni itakayopakiwa inapohitajika, na N kisiwepo kabisa. Ukikosea majibu mawili matatu unapata kerneli nzima, safi, isiyo na dosari, ila imejengwa kwa ajili ya kompyuta nyingine.

Kosa linalowakuta wengi zaidi ni kuandika M mahali palipohitaji Y. Chukua diski iliyopangwa kwa ext4, mfumo wa faili uliozoeleka kwenye Linux. Ukijibu M kwenye CONFIG_EXT4_FS, draiva ya kusoma ext4 itakuwa faili ndogo ndani ya /lib/modules. Na /lib/modules iko wapi? Iko ndani ya diski ileile ya ext4. Kerneli inahitaji moduli ili ifungue diski, na inahitaji kufungua diski ili ipate moduli. Kinyozi hajinyoi.

Hapa msomaji makini atauliza: kama kerneli haiwezi kusoma diski, yenyewe ilitokaje humo? Haikujitoa, ilitolewa. Kompyuta inapowashwa, programu iliyomo kwenye ubao mama, yaani BIOS au UEFI, humwamsha kipakizi, ambaye kwenye kompyuta nyingi za Linux ni GRUB. GRUB ana visomeo vyake vidogo vya ext4 na mifumo mingine ya faili. Huichukua kerneli, huiweka kwenye RAM, huiachia usukani, kisha kazi yake imekwisha. Visomeo vyake havirithiwi. Kerneli inaamka ikiwa na kile tu ilichozaliwa nacho.

Ndiyo maana ikabuniwa initramfs. Ni furushi la faili lililobanwa, ambalo GRUB hulipakia kwenye RAM pamoja na kerneli. Ndani yake mna mfumo mdogo wa muda wenye moduli muhimu na programu chache za kutafuta diski halisi, kuifungua na kukabidhi kazi. Furushi liko RAM tayari, kwa hiyo halihitaji draiva yoyote ya diski. Mtu aliyefunga diski yake kwa nenosiri kupitia LUKS au kuigawa kwa LVM, mpango wa kugawa diski vipande, analihitaji hata kama amejibu Y kila mahali, kwa kuwa kuuliza nenosiri na kupanga vipande vya LVM ni kazi ya programu za nje ya kerneli.

Sasa rudi kwenye ule mstari wa kosa, maana una habari nyingi kuliko unavyoonekana. Namba mbili zilizo ndani ya mabano ni anwani ya diski: ya kwanza inataja jamii ya kifaa, ya pili inataja kifaa chenyewe. Jamii ya 8 ni diski za SATA na za USB, zile zinazoitwa sda, sdb na kuendelea. 8,2 ni sda2, na kwa kuwa kila diski imetengewa namba 16, 8,17 ni sdb1. Jamii ya 179 ni kadi za SD na eMMC. Sehemu za diski za NVMe huonekana kwenye jamii ya 259.

Ukiona 0,0, kerneli haikupata kifaa chochote kinacholingana na ulichokitaja kwenye root=, neno ambalo GRUB huipa kerneli kuiambia diski kuu ni ipi. Ama draiva ya diski haimo, ama jina ulilotaja si sahihi, ama initramfs haikupakiwa. Ukiona 8,2, basi diski imeonekana na sehemu yake imetambuliwa, ila kerneli haijui kusoma kilichoandikwa humo, na wa kushukiwa kwanza ni draiva ya mfumo wa faili. Tofauti ya namba hizo inaweza kukuokolea jioni nzima.

Usiishie kwenye mstari wa mwisho. Juu yake kidogo kerneli huorodhesha sehemu zote za diski ilizoziona, na kerneli za karibuni huongeza orodha ya mifumo ya faili inayoifahamu. Orodha ya kwanza ikiwa tupu, tafuta draiva ya diski: CONFIG_SATA_AHCI, CONFIG_BLK_DEV_SD au CONFIG_BLK_DEV_NVME. Diski yako ikiwemo lakini ext4 haimo kwenye orodha ya pili, jibu umeshalipata. Piga picha ya skrini kwa simu kabla ya kuzima, kwa sababu wakati huo hakuna diski iliyofunguliwa, na kosa hilo halitaandikwa kwenye kumbukumbu yoyote utakayoisoma baadaye kwa journalctl.

Mtego mmoja unastahili kutajwa peke yake, maana huwanasa hata wazoefu. Kwenye baadhi ya kompyuta ndogo za Intel, diski ya NVMe imewekwa nyuma ya kidhibiti kiitwacho VMD. Unawasha draiva ya NVMe, unahakiki mara tatu, na bado orodha ni tupu. Kinachokosekana ni CONFIG_VMD.

Mwingine uko kwenye root=UUID=. Watu hunakili mstari huo kutoka kwenye usanidi wa zamani, wanaondoa initramfs, halafu wanashangaa kupata 0,0. UUID, yaani namba ya utambulisho ya mfumo wa faili, husomwa na programu zilizomo ndani ya initramfs. Kerneli yenyewe haiielewi. Bila initramfs, andika PARTUUID, ambayo ni namba ya sehemu ya diski, au jina la kifaa kama /dev/sda2. Mimi hupendelea PARTUUID, kwani majina ya sda na sdb hubadilishana kulingana na diski ipi imeonekana kwanza.

Initramfs ikiwepo bado inaweza kukosewa. Lazima iwe imetengenezwa kwa toleo lilelile la kerneli, kwani kila kerneli hutafuta moduli kwenye folda yenye jina la toleo lake. Ukisahau make modules_install kabla ya kutengeneza furushi, litatoka halina moduli ndani. Na kerneli lazima ijue kulifumua: uwezo wa kufumua zstd, mojawapo ya njia za kubana faili, uliongezwa kwenye Linux 5.9, mwaka 2020, na hata leo ukizima CONFIG_RD_ZSTD wakati zana zako zinabana kwa zstd, furushi litabaki RAM bila kufunguka. Tena kuna suala la ukubwa. Moduli zilizojengwa pamoja na taarifa za kutafutia makosa zinaweza kuivimbisha initramfs hadi sehemu ya /boot ijae, faili ikatoke nusu. Kuongeza INSTALL_MOD_STRIP=1 wakati wa kusakinisha moduli huzipunguza sana.

Tangu toleo la 2.6.32 la mwaka 2009 kuna amri ya make localmodconfig, ambayo inapendwa kwa sababu inafupisha ujenzi mno: inatazama moduli zinazotumika dakika hiyo na kuzima zote zilizobaki. Neno zito hapo ni dakika hiyo. Kama diski ya USB haikuchomekwa, draiva yake inazimwa. Kama kibodi ya nje ilikuwa mezani bila kuunganishwa, unaweza kufika mahali pa kuandika nenosiri la diski ukakuta huna cha kuandikia. Kwa anayejenga kwa mara ya kwanza ningemshauri anakili usanidi wa kerneli inayofanya kazi, ule uliomo /boot ukiitwa config pamoja na namba ya toleo, aufanye kuwa .config, kisha aendeshe make olddefconfig. Ujenzi utachukua muda mrefu zaidi, lakini kompyuta itawaka, na kupunguza vipengele unaweza kukufanya baadaye, vichache kwa wakati.

Kuna hali nyingine inayofanana na kifo na si kifo: skrini inakuwa nyeusi mara tu GRUB anapoondoka. Kabla ya kulaumu diski, bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiitika, kerneli ina uhai na tatizo liko kwenye picha tu. Taa zikipepesa zenyewe bila kuguswa, jambo la kawaida kwenye kibodi za kompyuta ndogo, hiyo ni panic usiyoweza kuisoma. Mara nyingi chanzo ni kuzima CONFIG_FRAMEBUFFER_CONSOLE, au kujenga draiva ya kadi ya picha kwa Y huku faili zake za /lib/firmware zikiwa bado zimefungiwa ndani ya diski. Draiva ya amdgpu, kwa mfano, inazihitaji faili hizo wakati wa kuamka. Ama zitiwe kwenye initramfs, ama draiva ibaki M. Ili uone kinachoendelea, bonyeza e kwenye menyu ya GRUB, futa maneno quiet na splash, ongeza nomodeset, kisha Ctrl+X. Mabadiliko hayo ni ya safari moja tu, kwa hiyo yajaribu bila hofu. Tangu Linux 6.12 ya mwaka 2024 inawezekana hata kuamuru panic ionyeshwe kwa msimbo wa QR, ukausoma kwa simu.

Ujumbe wa bad shim signature ni hadithi tofauti kabisa. Huo unatoka kwa GRUB, kerneli haijaanza hata kidogo. Secure Boot, ulinzi wa UEFI unaokagua saini za programu za kuwashia, imekataa faili isiyo na saini inayoiamini, na mstari unaofuata, unaodai upakie kerneli kwanza, hupoteza watu kwa kuwaelekeza kutafuta faili ambayo iko palepale. Isaini kerneli kwa ufunguo wako uliousajili kwa mokutil, au zima Secure Boot.

Ikiwa diski imefunguliwa salama, bado kerneli inapaswa kuanzisha programu ya kwanza, init, ambayo siku hizi kwa kawaida ni systemd. Ikishindwa hapo, itazame namba ya kosa. Kosa -2 maana yake faili haikupatikana, au imepatikana ila programu inayohitajika kuiendesha, kama kipakizi cha maktaba zake, haipo. Kosa -8 maana yake faili imepatikana lakini kerneli haitambui ni ya aina gani: pengine CONFIG_BINFMT_ELF imezimwa, au CONFIG_BINFMT_SCRIPT. Hii ya pili huumiza hasa kwenye Debian, ambako init ya ndani ya initramfs ni hati ya shell.

Unarudije ndani? Kama kerneli ya zamani hukuifuta, washa upya na uichague kwenye menyu ya GRUB. Kwenye Ubuntu menyu hujificha, na huitwa kwa Esc kwenye UEFI au Shift kwenye BIOS. Kama uliifuta, washa kwa fleshi yenye Linux, pachika sehemu kuu ya diski kwenye /mnt, na /boot kama imetengwa, unganisha /dev, /proc na /sys kwa mount --bind, kisha ingia kwa chroot, amri inayokufanya ufanye kazi ndani ya mfumo ulio kwenye diski. Humo unaweza kutengeneza initramfs upya, kwa update-initramfs kwenye Debian, dracut kwenye Fedora au mkinitcpio kwenye Arch, na kusasisha orodha ya GRUB. Anayetumia Debian au Ubuntu ana njia ninayoipenda kuliko zote: make bindeb-pkg hujenga kerneli kama kifurushi cha kawaida, na ukikisakinisha, initramfs na menyu hushughulikiwa vyenyewe, huku kerneli ya zamani ikibaki mahali pake.

Faili zako, wakati wote huu, hazijaguswa. Maneno not syncing katika ule ujumbe yanawatisha watu, lakini maana yake ni kwamba kerneli imekataa kumwaga kwenye diski data iliyokuwa ikisubiri RAM, kwa kuwa haiamini tena hali yake yenyewe na haitaki kuandika uharibifu juu ya kilicho salama. Na katika kosa la 0,0 hapakuwa na cha kumwaga: diski haikuwa imefunguliwa hata mara moja.