Kukaza chaki mpaka mwisho si usalama
Chaki ya mashine ya kukereza ni kishikio chenye taya kinachobana mti unaozunguka. Kwenye karakana za kukereza mbao, Lindi hata Mtwara, fundi humwambia mwanagenzi: kaza chaki mpaka mwisho, kipande hakitachomoka. Si kweli. Kinachoshika ni ulimi, yaani kishina cha duara mwishoni mwa mti kinachobanwa na taya, uliokerezwa vizuri: unene wake uendane na taya zikiwa karibu kufunga, ili zifanye duara, na bega la mti, pale ulimi unapoanzia, likae juu ya taya bila ncha ya ulimi kugusa chini. Ukikaza kupita kiasi, nyuzi za mti laini husagika, mshiko ukalegea. Mpingo wetu, mzito hata huzama majini, waweza kupasuka. Kikiruka kipande chake, jamani, ni jiwe hilo. Anza mwendo mdogo, simama pembeni, vaa kinga ya uso. Na ufunguo wa kukazia chaki uchomoe kabla hujawasha mashine.