Mti wa Majini Si Nakala ya Mti wa Ukingoni

Wengi tukichora miti kando ya ziwa humaliza kwanza ile ya nchi kavu, kisha tunaipindua kichwa chini na kuinakili majini. Dhana hiyo huharibu michoro mingi kuliko mkono usiozoea penseli.

Ukweli ni kwamba maji huonyesha mti kama ambavyo jicho lingeuona likiwa chini ya uso wa ziwa. Ndiyo maana majini unaona tumbo la matawi, upande ambao ukisimama ukingoni huupati vizuri. Mti ulioota nyuma kidogo, juu ya kingo, taswira yake hukatwa: kingo huficha shina, kikabaki kilele tu. Ulioinama kukuelekea, taswira yake huonekana ndefu kuliko mti wenyewe. Nenda ukaangalie, mimi niliamini hili baada tu ya kuchuchumaa ukingoni na kupima kwa penseli.

Lugha nayo hutuponza, kwa kuwa taswira ya majini wengi huiita kivuli. Kivuli hufuata jua, asubuhi kulia, jioni kushoto. Taswira hushuka wima kuja kwako saa zote, na mti ukiinamia kushoto, nayo huinamia kushoto.

Maji ni ya buluu? Tazama miguuni pako: maji hurudisha kama asilimia 2 tu ya mwanga, kwa hiyo unaona mawe na matope. Kadiri jicho linavyokwenda mbali ndivyo maji yanavyogeuka kioo cha anga.

Kuhusu majani, hakuna haja ya kuchora moja moja. Fumba macho nusu, utaona mafungu ya giza na mwanga; penseli laini na nyeusi, ya 4B, inatosha. Shina ndilo lihesabiwe kwa makini. Leonardo da Vinci aliandika kwamba matawi ya kila kimo, yakiwekwa pamoja, unene wake hulingana na wa shina. Wanaoyachora manene hadi nchani hupata mti mzito usiosimama.

Na upepo ukipita, taswira haitawanyiki ovyo. Hurefuka kukuelekea na kukatika vipande vya mlalo, vyembamba kule mbali, vipana huku karibu. Vichore hivyo, kisha pitisha ncha ya raba kwa mlalo mara mbili tatu katikati ya giza, na ziwa litalala.