Unapanda Kilimanjaro? Maswali ya afya yanayoulizwa sana kabla ya safari

Kila ikikaribia tarehe 9 Disemba vikundi vya ofisini, vya jogging, vya wanachuo, vyote vinajipanga kwenda kilele cha Uhuru, na maswali ya afya yanaanza kumiminika. Haya ndio yanayojirudia zaidi. Nimeyajibu kwa kirefu pale ninapoona watu wanaumia, mengine nimepita haraka tu.

Mimi nakimbia kila wiki, mazoezi sio tatizo kwangu. Nina haja ya kuogopa mlima kweli?

Mazoezi yatakusaidia miguu, moyo na pumzi, lakini hayakukingi na ugonjwa wa mlima, na hili watu wa mazoezi ndio wanakuwa wagumu kulielewa. Ukiwa Dar na ukiwa kileleni mita 5,895 hewa ina asilimia ileile 21 ya oksijeni, ila kule juu mgandamizo wa hewa umeshuka sana kiasi kwamba kila pumzi unayovuta inakupa kama nusu tu ya oksijeni uliyozoea huku pwani. Mwili una njia zake za kuzoea, unapumua haraka zaidi, figo zinarekebisha damu, baadae chembe nyekundu zinaongezeka, lakini yote hayo yanataka siku, hayatokani na pushapu. Kijana mwenye nguvu anaanguka mara nyingi kwa sababu anaweza kwenda haraka, na anaenda haraka kweli, mzee wa miaka 60 anayetembea taratibu anampita kijana huyo aliyelala kwenye hema kichwa kinampasuka.

Mazoezi fanya, tena anza miezi mitatu kabla kama unaweza. Tembea masaa mengi ukiwa na begi mgongoni, panda ngazi na uzishuke pia maana magoti yanaumia zaidi wakati wa kushuka. Wa Dar nendeni Pugu, wa Morogoro mnao Uluguru mlangoni, wa Nairobi mna Ngong na Longonot.

Kampuni moja imenipa bei nzuri ya siku 5 njia ya Marangu, nyingine siku 6 ila bei imepanda. Kuna tofauti gani?

Hapa ndipo afya yako ilipo, naomba usome taratibu.

Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usipandishe sehemu ya kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja. Sasa angalia Marangu: usiku wa kwanza unalala Mandara mita 2,720, wa pili Horombo mita 3,720, wa tatu Kibo zaidi ya mita 4,700, na usiku huohuo kwenye saa sita unaamshwa kuelekea kileleni. Yani kila siku unapanda mita elfu, mara mbili ya inavyoshauriwa, halafu unamalizia na nyingine zaidi ya elfu ndani ya usiku mmoja. Ile siku ya sita inayoongeza bei ni ya kulala Horombo mara mbili, mchana unapanda mpaka Zebra Rocks unarudi kulala palepale, na ndiyo siku inayoupa mwili nafasi ya kuzoea.

Ukiwa na uwezo wa siku 7 Machame au 8 Lemosho ni bora zaidi. Njia hizi zinakupandisha mpaka Lava Tower kama mita 4,600 unakula mchana pale, kichwa kinaweza kugonga kidogo, alafu mnashuka kulala Barranco chini ya mita 4,000. Waongozaji wanaita panda juu lala chini, na inafanya kazi. Wengine wanaanza na Mlima Meru, mita 4,566, siku chache kabla, hiyo nayo ni maandalizi mazuri sana.

Najua kila siku moja mlimani ina ada ya hifadhi na posho za watu. Kama hela inatosha siku 5 tu, msimamo wangu ni subiri mwakani uongeze.

Nitajuaje kama ni uchovu wa kawaida au ni ugonjwa wa mlima?

Ukiwa juu ya mita 2,500 kichwa kikauma, na pamoja nacho kichefuchefu au kizunguzungu au mwili kulegea kupita kawaida, hesabu ni ugonjwa wa mlima mpaka ithibitike vingine. Ikiwa ni wa kiasi tu, usipande zaidi, pumzika palepale, kunywa maji, dawa ya maumivu kama panado inaruhusiwa. Ukipona unaendelea. Usipopona au ukizidi, unashuka.

Yako mawili ya hatari kabisa. La kwanza mapafu kujaa maji: unahema hata ukiwa umekaa, kikohozi hakikatiki, baadae makohozi yenye povu la rangi ya pinki. La pili ubongo kuvimba: mtu anapepesuka, anaongea vitu havieleweki, anataka kulala tu. Kipimo chake ni rahisi, mwongozaji atakwambia utembee mstari ulionyooka, kisigino cha mguu huu kiguse vidole vya mguu ule, kama hatua kumi, asiyelewa na asiye mgonjwa anaweza. Ukiyumba unashushwa saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku na kuna baridi, hakuna cha kusubiri asubuhi. Oksijeni na dawa zinanunua muda tu wakati mnashuka. Marangu kuna machela za tairi moja kwa ajili hiyo, na Moshi mjini kuna hospitali ya KCMC.

Kinachoua ni kuficha. Mtu amelipa, amewaaga kazini, ameahidi picha, anaulizwa asubuhi umeamkaje anasema fresh wakati ametapika usiku kucha. Mwambieni mwongozaji ukweli jamani, na mkiwa kikundi kila mtu awe na mwenzake wa kumwangalia, maana ubongo ukishaathirika mgonjwa mwenyewe hajui kama anaumwa.

Kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni kwenye damu kimesoma 82, nimeogopa sana. Ndo nakufa?

Hapana. Pwani ungesoma 96 kwenda juu, lakini kwenye kambi za juu kama Kibo au Barafu namba za 80 na kitu ni za kawaida kwa mtu anayejisikia vizuri. Vidole vikiwa vya baridi nacho kinadanganya. Angalia namba pamoja na hali yako.

Diamox, ile dawa ya kuzuia ugonjwa wa mlima, ninywe?

Inasaidia, imefanyiwa utafiti wa kutosha. Inaufanya mwili upumue zaidi na kuzoea haraka. Dozi ya kinga inayotumika sana kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, na vidonge vingi ni vya 250 kwa hiyo ni nusu nusu. Utakojoa sana, vidole na midomo itakufa ganzi kidogo, soda itakuwa na ladha mbaya, hayo ya kawaida. Kama uliwahi kudhurika na Septrin au Fansidar au dawa nyingine za salfa mwambie daktari kwanza, na mjamzito asinywe. Haifuti haja ya siku za kutosha. Kitunguu saumu kula kama unakipenda, ila usikitegemee. Pombe na vidonge vya usingizi acha mpaka ushuke.

Nina AS ya selimundu, siumwi kitu. Naweza kwenda?

Swali hili linasahaulika sana wakati huku kwetu watu wenye AS, yani waliorithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, ni wengi mno. Mwenye selimundu kamili, yani SS, asipande, oksijeni ikipungua chembe zinajikunja na kuziba mishipa. Mwenye AS wengi wanapanda na kurudi salama, lakini wapo wanaopata tatizo la bandama kukosa damu wakiwa juu. Dalili yake ni maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu, yanaweza kwenda mpaka begani. Ukiyasikia unashuka na unaenda hospitali, na unawaambia kwamba una AS. Kama hujui hali yako pima kabla, ni kipimo cha damu tu.

Wengine kwa kifupi: presha iwe imetulia na dawa usiache. Mwenye pumu iliyotulia anaweza, ila pampu ikae mfukoni karibu na mwili sio kwenye begi la mpagazi. Mwenye kisukari insulini yake isigande, ikiganda imeharibika, na mashine ya kupimia inaweza kukosea kwenye baridi. Wajawazito na wenye matatizo ya moyo wakae na daktari wao kwanza.

Chakula hakipandi, usingizi hauji. Nifanyeje?

Hamu kupotea ni kawaida kule. Kula kidogo kidogo, uji wa asubuhi, supu, bisi na chai ya tangawizi jioni, maji lita tatu hivi kwa siku, mkojo ukiwa wa njano iliyokolea ongeza. Usiku unaweza kusikia mwenzio anapumua haraka haraka, ananyamaza kabisa sekunde kadhaa, kisha anavuta pumzi kwa nguvu. Inatisha, ila peke yake sio ugonjwa.

Nguo je?

Usiku wa kileleni inaweza kufika nyuzi 15 chini ya sifuri au zaidi. Jinzi na fulana za pamba zikiloa jasho hazikauki, zinakutoa joto. Soko la Memorial pale Moshi utapata mtumba mzuri wa sufu na majaketi. Buti vaa wiki kadhaa kabla ya safari, kucha za miguu kata fupi. Miwani ya jua na mafuta ya kuzuia jua ni vya watu weusi pia. Chupa ya maji igeuze mdomo chini, barafu inaanzia juu.

Nimeshuka salama, baada ya wiki mbili nina homa. Ni mlima?

Mlima unaisha ukishuka. Mbu wa Moshi au wa nyumbani ndio mtuhumiwa, kapime malaria siku hiyohiyo.