Watalii hawafuati kasi tu

Reli ikitajwa kufufua utalii, wengi hudhani dawa ni treni ya mwendo kasi. Si lazima. Glacier Express ya Uswisi huchukua takriban saa 8 kutoka Zermatt hadi St. Moritz, na watu hulipa nauli nono ili wakae humo. Hupita madaraja 291 na mahandaki 91, vioo vya madirisha vikipinda hadi darini ili kilele cha mlima kisikatwe. Kinachomkera mgeni ni kingine: tiketi isiyonunulika kwa simu, ratiba isiyoaminika, kushushwa usiku kwenye stesheni iliyo mbali na mji, bila hata basi. Kasi ina kazi yake, hasa treni inaposhindana na ndege, kama Shinkansen, treni ya mwendo kasi ya Japani, kati ya Tokyo na Osaka.