Vihisi havishiki ukuta wa bwawa la topesumu

Huku Pemba, wenye ndugu zao migodini bara huamini kuwa bwawa la topesumu, yaani tope la mabaki ya mgodi, likishafungwa vihisi, vyombo vya kupima hali yake, wakaao chini yake walale bila hofu: likitaka kuvunjika, king'ora kitalia kwanza. Imani hiyo inaeleweka, maana vyombo hivyo vina kazi kubwa.

Ila kihisi hupima tu. Kimoja hupima shinikizo la maji ndani ya ukuta, kingine ukuta unavyoinama, na rada huutazama uso wake. Brumadinho, Brazil, Januari 2019, bwawa lenye vyombo vya namna hii liliporomoka kwa sekunde chache bila dalili ya wazi. Walikufa watu 270.

Jambo hilo la ukuta kulegea ghafla, lionje mwenyewe pwani. Maji yakikupwa, simama juu ya mchanga mbichi ulioshikana, uupigepige kwa unyayo pahala pamoja. Punde unalainika, maji yanapanda, mguu unazama. Mchanga ni ule ule. Maji yaliyo kati ya chembe ndiyo yamebeba uzito. Tope la mgodini laweza kugeuka uji vivyo hivyo, kwa ghafla zaidi.

Basi ukimpigia ndugu yako simu, muulize nani anavisoma vihisi, kila baada ya muda gani, na nani ana amri ya kuwaondosha watu. Muulize pia kama ukuta ulipandishwa juu ya tope lenyewe, kama ule wa Brumadinho. Ujenzi huo ndio unaotiliwa shaka zaidi.